Keris ya Java: Jua Kila Kiungo kwa Jina Lake

Katika majumba ya makumbusho, iwe Leiden, Jakarta au Surakarta, kadi iliyowekwa chini ya keris, jambia la Kijava, mara nyingi hutaja karne moja tu, kana kwamba silaha nzima ilitengenezwa siku moja. Karne hiyo kwa kawaida ni ya chuma peke yake. Mpini huenda ulichongwa miaka mia mbili baadaye, ala ikatengenezwa na fundi wa mji mwingine, na pete iliyo kati ya mpini na chuma ikabadilishwa juzi juzi tu. Keris ni mkusanyiko wa viungo vinavyofunguka na kufungwa tena, na kila kiungo kina umri wake, fundi wake na jina lake. Anayeyajua majina hayo ana swali la kuuliza: ni kiungo gani chenye umri huo? Asiyeyajua hana budi kuamini anachoambiwa, na wanaouza keris huambia watu mengi.

Makala haya ni ya mtu atakayekutana na keris makumbushoni, katika safari ya masomo au ya biashara Indonesia, au kwenye tangazo la mnada mtandaoni. Majina nitakayoyatumia ni ya Kijava, hasa ya Java ya Kati, kwenye makasri ya Surakarta na Yogyakarta. Bali, Madura, Sulawesi na nchi za Wamalei nao wana keris zao na majina yao. Jambo moja la tahajia lifahamike mapema: katika Kijava, "a" ya mwishoni mwa neno hutamkwa karibu na "o". Ndiyo maana kitabu kimoja huandika ganja na kingine gonjo, Sura na Suro, naga na nogo. Ni maneno yale yale.

Keris ilitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2005, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa binadamu wote mwaka 2008. Sisi wa pwani tuliozoea jambia la Kiomani, linalovaliwa mbele, tumboni, tutashangaa kwanza kuona keris inavaliwa nyuma. Huchomekwa kwenye mshipi, mgongoni, mpini ukielekea upande wa mkono wa kulia. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye chuma chenyewe. Shina la keris limepanuka upande mmoja na kuchongoka mwingine, kwa makusudi, na hapo ndipo mhunzi anapoonyesha elimu yake yote.

Mwili na mavazi

Wajava huigawa keris sehemu mbili. Chuma huitwa wilah, nacho ndicho keris hasa. Vingine vyote, yaani ala, mpini na pete, ni sandangan, mavazi. Wilah moja inaweza kuvaa ala tatu tofauti katika maisha yake kulingana na shughuli, na hakuna anayeona ajabu.

Tuanze na ala, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza. Kipande kipana cha mbao kilicho juu, kama kichwa cha ala, ni warangka. Katika Java ya Kati kina maumbo mawili makuu. La kwanza lina ncha ndefu zilizoinuka mbele na nyuma: Surakarta huliita ladrang, Yogyakarta huliita branggah, na huvaliwa kwenye sherehe rasmi, harusini au mbele ya mfalme. La pili ni gayaman, la mviringo na lisilo na ncha za kukwaruza, la kuvaa siku za kawaida. Kwa hiyo ukiiona picha ya zamani ya mtu aliyevaa ladrang, jua kwamba alikuwa kwenye shughuli.

Chini ya warangka kuna gandar, mrija wa mbao unaofunika wilah. Gandar mara nyingi huvishwa mfuko wa madini uitwao pendok, wa shaba nyekundu, shaba nyeupe, fedha au dhahabu, na uliofuliwa nakshi za majani na maua. Pendok iliyozunguka pande zote bila mwanya ni bunton. Ile yenye mwanya mrefu upande wa mbele, ili mbao ya ndani ionekane, ni blewah. Wanunuzi wengi huvutwa na pendok inayong'aa, ilhali ndicho kiungo rahisi kuliko vyote kukibadilisha.

Mpini una majina kadhaa hata ndani ya Java ya Kati kwenyewe: ukiran, deder, jejeran. Umbo linaloonekana sana huko ni nunggak semi, mpini uliopinda kidogo, laini, wenye sehemu mbili ndogo za nakshi nzito ziitwazo patra. Wengi huona ndani yake mtu aliyeketi, aliyerahisishwa hadi ikabaki mistari tu. Chini ya mpini, mahali panapokutana na chuma, kuna pete ndogo iitwayo mendak. Wakati mwingine huongezwa kikombe cha duara kilichopambwa kwa vito, ambacho ni selut. Mendak na selut ni vitu viwili, ingawa matangazo mengi huvichanganya.

Mpini wa Java ya Kati haugundishwi. Msuka wa wilah, unaoitwa pesi, ni wa mviringo kama msumari mnene, na huzungushiwa uzi, kitambaa au nywele kisha ukabanwa ndani ya tundu la mpini. Ndiyo maana mpini hutoka ukizungushwa. Lakini msuka wa zamani ukiwa umeliwa na kutu hukatika kwa nguvu kidogo sana, na pesi iliyokatika huishusha mno thamani ya keris. Kazi ya kuuvua mpini mwachie mwenyewe.

Shina la wilah

Hapa inafaa kutulia. Sehemu ya chini ya wilah, karibu na mpini, huitwa sor-soran, na karibu kila jina lenye uzito katika elimu ya keris liko katika nafasi hii isiyozidi upana wa kiganja.

Kwanza itazame gonjo, kipande cha chuma kinachokaa kama kitako chini ya wilah, kikiwa na tundu ambamo pesi hupita. Katika keris nyingi gonjo hufuliwa peke yake kisha ikapachikwa. Ikiwa ni chuma kimoja na wilah, huitwa gonjo iras. Geuza keris uitazame gonjo kwa chini, utamwona mjusi wa ukutani. Majina yenyewe yanasema hivyo: ncha ya mbele ni sirah cecak, kichwa cha mjusi, panapopungua ni gulu meled, shingo, katikati panapotuna ni tumbo, na nyuma kuna mkia. Gonjo hulegea kwa miaka na kubadilishwa, kwa hiyo ukiona mistari ya chuma chake haifanani hata kidogo na ya wilah, uliza.

Sasa irudishe keris uitazame kwa ubavu. Upande mnene ndio mbele, na unene huo ni gandik. Kutoka kwenye gandik huchomoza kipande kilichojikunja kama mkonga wa tembo, nacho ni sekar kacang. Chini yake kuna miiba midogo, mmoja au miwili, iitwayo lambe gajah, midomo ya tembo. Ndani ya mkunjo wa mkonga kunaweza kuwa na mwiba mwingine, jalen. Nyuma ya gandik kuna kibonyo ambacho kidole gumba hukaa vizuri, nacho ni pejetan, na wengine hukiita blumbangan. Kutoka hapo hupanda mifereji miwili, sogokan, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Kwenye ukingo wa nyuma kabisa, kuanzia mkia wa gonjo kupanda juu, kuna meno meno yaitwayo greneng, na ndani yake mna umbo linalofuata herufi "dha" ya maandishi ya Kijava, ron dha. Mtaalamu huangalia ron dha kabla ya vingi vingine, kwa sababu tupa ya mhunzi mzembe hushindwa hapo. Meno yake huwa butu, hayalingani, na herufi haisomeki.

Vitu hivi vyote kwa pamoja ni ricikan. Si kila keris inavyo vyote, na hapo ndipo jina la aina linapopatikana.

Dhapur na luk

Dhapur ni aina ya wilah kwa umbo lake. Hupatikana kwa kujumlisha mambo mawili: wilah imenyooka au ina mawimbi mangapi, na ina ricikan zipi. Keris iliyonyooka yenye pejetan na ricikan chache sana inaweza kuwa Brojol. Ikinyooka na kuongezewa tikel alis, mfereji mdogo uliopinda kama nyusi, huwa Tilam Upih. Yenye mawimbi 13, mkonga na ricikan kadhaa inaweza kuwa Sengkelat, jina ambalo visa vya ufalme wa kale wa Majapahit humhusisha nalo mhunzi Empu Supa. Majina ya dhapur ni mengi, na mtu hahitaji kuyakariri. Anahitaji kujua kwamba muuzaji akitaja dhapur, ricikan zake lazima zionekane.

Wimbi moja la wilah huitwa luk, na hesabu yake daima ni witiri: 3, 5, 7, 9, 11, 13. Zikizidi 13 keris huhesabiwa kuwa si ya kawaida na huitwa kalawija. Wageni hukosea kuhesabu kwa sababu hufuata ukingo mmoja tu. Anzia chini, kwenye sor-soran. Weka kidole mahali chuma kinapotuna kwa nje upande mmoja, kisha mahali kinapotuna upande wa pili juu kidogo, ukipokezana kushoto na kulia hadi nchani. Ukipata shufwa, rudia tena, na mara nyingi utakuta uliliruka wimbi la kwanza, ambalo huwa dogo na limefichwa na shina pana. Wala usidhani kila keris ina mawimbi. Zilizonyooka ni nyingi mno, na kati yake zimo zinazoheshimiwa sana.

Pamor

Pamor ni michoro myeupe inayoonekana juu ya chuma cheusi. Haikupakwa wala haikuchongwa. Mhunzi, ambaye kwa heshima huitwa empu, huchukua chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, akavifua pamoja, akavikunja, akavifua tena, hadi tabaka zikawa nyembamba. Kati ya tabaka hizo hutia chuma cha pua, ambacho ndicho kitakachokuwa makali. Wilah ikishapigwa tupa, hutiwa dawa inayogeuza chuma kuwa cheusi huku nikeli ikibaki ya fedha, na michoro ikajitokeza.

Nikeli hiyo ilitoka wapi? Nyingi ilikuja na chuma cha Luwu, huko Sulawesi. Mwishoni mwa karne ya 18 vipande vya kimondo kilichokutwa karibu na mahekalu ya Prambanan vilipelekwa kasri la Surakarta, na kimojawapo bado kipo hapo, kikiitwa kwa heshima Kanjeng Kyai Pamor. Wahunzi wa leo hutumia zaidi nikeli ya viwandani. Kwa hiyo muuzaji anayedai kwamba kila keris ina chuma cha kimondo anasema asichokijua.

Baadhi ya pamor ni rahisi kuzitambua. Beras wutah, mchele uliomwagika, ni madoa na vijito visivyo na mpangilio. Udan mas, mvua ya dhahabu, ni viduara vilivyo kimoja ndani ya kingine, na wafanyabiashara waliipenda wakiamini inaleta riziki. Blarak ngirid ni kuti la mnazi, mishipa yake ikishuka pande mbili za mstari wa kati. Adeg ni mistari mirefu inayofuata wilah kutoka shina hadi ncha. Tabaka zikilazwa sambamba na ubapa, pamor ni mlumah. Zikisimamishwa wima, ni miring. Ya kwanza huzaa michoro kama beras wutah, ya pili michoro kama kuti na adeg.

Kuna jaribio moja ninalolithamini kuliko mengine yote, nalo halihitaji chombo chochote. Tazama ndani ya pejetan na sogokan, kwenye vibonyo vilivyochimbwa na tupa. Ikiwa pamor ni ya kweli na ni mlumah, tupa imekata tabaka nyingi kwa mshazari, kwa hiyo mistari hubadilika hapo: hubanana na kuzunguka kibonyo pete kwa pete. Ikiwa michoro ilichorwa kwa tindikali juu ya bamba la chuma, hupita juu ya kibonyo kana kwamba hakipo, au huishia ukingoni kwa ghafla. Keris za namna hiyo zimejaa masokoni. Si dhambi kuinunua kama kumbukumbu ya safari, ila ilipiwe bei ya kumbukumbu.

Tangguh, na mzozo wa mwaka 2020

Neno la tatu katika elimu hii, baada ya dhapur na pamor, ni tangguh, kukadiria keris ilitoka enzi gani na mahali gani: Pajajaran, Majapahit, Mataram, Surakarta, Yogyakarta. Mtaalamu huangalia rangi na uzito wa chuma, mwinamo wa wilah juu ya gonjo, upana wa shina, ufundi wa ricikan. Haya ni makadirio ya jicho lililofunzwa, na macho ya wataalamu wawili huweza kutofautiana. Keris zilizofuliwa baada ya uhuru wa Indonesia wa mwaka 1945 huitwa kamardikan. Usizidharau. Kazi hii ilikuwa inakaribia kufa katikati ya karne ya 20, na katika miaka ya 1970 Empu Djeno Harumbrodjo, karibu na Yogyakarta, aliwasha tena tanuri lake, akichochewa na baharia Mjerumani Dietrich Drescher. Leo kijiji cha Aeng Tong-tong huko Sumenep, Madura, kinajulikana kwa wahunzi wake wengi wa keris.

Umuhimu wa majina haya ulionekana Machi 2020, Uholanzi iliporudisha Indonesia keris ya Mwanamfalme Diponegoro, aliyeongoza vita vya Java dhidi ya Waholanzi kuanzia 1825 hadi alipokamatwa mwaka 1830. Keris hiyo ilikuwa imepotelea ndani ya makusanyo ya Uholanzi, ikapatikana tena Leiden baada ya utafiti mrefu. Nyaraka za zamani ziliitaja kwa jina la Nogo Siluman, yaani joka lisiloonekana, na miongoni mwake yalikuwamo maelezo ya mchoraji Raden Saleh. Mara ilipoonyeshwa hadharani, mjadala ukazuka. Katika dhapur ya Naga Siluman kichwa cha joka huonekana kwenye gandik na mwili hupotelea ndani ya chuma, lakini wapo waliosema kwamba hapa mwili unaonekana ukipanda wilah, kwa hiyo aina yake ni Nagasasra. Mwanahistoria Sri Margana wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada, aliyekuwa miongoni mwa waliothibitisha keris hiyo, alishikilia kwamba nyaraka na keris vinaafikiana. Mimi naona pande zote mbili zilifanya kitu chema. Taifa zima lilibishana kuhusu gandik na mwili wa joka, kwa majina yake sahihi, badala ya kupokea sanduku na kupiga makofi.

Kushika, kutunza na kununua

Ukikabidhiwa keris, ipokee kwa mikono miwili. Shika mpini kwa mkono wa kulia na ala kwa wa kushoto, kisha ivute ala iondoke kwenye wilah polepole, ubapa ukielekea juu. Usiielekeze ncha kwa mtu. Wajava wengi huiinua hadi kwenye paji la uso kabla ya kuitazama. Huna haja ya kuwa na imani yao ili kufanya adabu hiyo, ila fahamu kwamba keris ya familia huitwa pusaka, na baadhi hupewa jina la heshima la Kyai, lile lile wanaloitwa walimu wa dini.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni sumu. Dawa ya kutoa pamor, warangan, ni aseniki iliyochanganywa na maji ya ndimu. Hubaki juu ya chuma. Usilijaribu makali kwa kidole, usile wala kuvuta sigara ukiwa umeishika, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na iweke mbali na watoto. Kuosha na kutia warangan upya, jamasan, hufanywa zaidi mwezi wa Suro, ambao ndio Muharram, Mfunguo Nne wetu. Ni kazi ya wenye ujuzi. Mwenye keris nyumbani, hasa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ambako hewa ya bahari haina huruma na chuma, aipanguse kwa kitambaa kikavu na kuipaka mafuta mepesi kidogo sana. Usiisugue kwa msasa wala dawa ya kung'arisha shaba. Utaondoa weusi wote, na pamor itafifia.

Kwenye ununuzi, utasikia bei ikiitwa mahar, neno lile lile tunalolitumia kwa mahari. Itakapotajwa, uliza viungo kimoja kimoja: wilah ya tangguh gani, gonjo ni yake au imebadilishwa, pesi ni nzima, warangka ya mji gani. Muuzaji mwaminifu hufurahia maswali haya. Hadithi za keris inayosimama yenyewe au inayoleta utajiri zisikilize kwa heshima, lakini zisiingie katika bei.

Mpini wa pembe ya ndovu uuache huko huko. Kuuvusha mpaka bila vibali vya mkataba wa CITES ni kosa, na sisi tunaotoka katika nchi za tembo hatuna udhuru wa kutolijua hilo. Sheria ya Indonesia ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2010 nayo inakataza kuvitoa nchini vitu vya urithi bila ruhusa, kwa hiyo keris kongwe inahitaji karatasi zake. Na hata iliyo mpya huwekwa kwenye mzigo unaokabidhiwa uwanja wa ndege, kamwe si kwenye begi la mkononi.

Anayetaka kuziona nyingi kwa pamoja aende Museum Keris Nusantara, Surakarta, lililofunguliwa mwaka 2017. Aanzie kwenye sor-soran ya keris ya kwanza, aitafute gonjo, gandik na greneng kabla ya kusoma kadi.